Somo la Saba Kwenye Kivinjari cha Zamani

Jumapili, siku ya kwanza ya kazi katika juma la Nepali, Prakriti Ghising alifika ofisini saa nne kasorobo, akatundika shali yake kwenye msumari, akafungua orodha ya malalamiko. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kozi za mtandaoni za idara ya afya ya wilaya zinacheza sawasawa kwenye kila kivinjari, kazi ambayo mama yake aliwaambia majirani kuwa ni ya kutengeneza televisheni. Malalamiko yalikuwa manane. Kwenye simu, kitufe cha kuendelea kilijificha chini ya kioo. Mahali pawili sauti ilitangulia midomo. La nane lilikuwa na alama nyekundu: nesi wa kituo cha Thulopakha amefeli mtihani wa somo la saba, la kunawa mikono, mara mia mbili na kumi na moja.

Prakriti alifungua rekodi ya nesi huyo. Aliitwa Chameli Thapa, na katika masomo mengine kumi na tisa alikuwa amepata alama zote. Alifeli la kunawa mikono tu, tena kwenye kivinjari kimoja tu, kile cha zamani kilichokuja na kompyuta ya kituo na ambacho hakuna aliyewahi kukisasisha. Chini yake mkuu wa idara, Daktari Lokraj Paudyal, alikuwa ameandika: kama kosa ni la mtambo, lithibitishwe kabla ya Ijumaa; kama kosa ni la nesi, chumba cha kuzalishia cha Thulopakha kifungwe, maana mtu asiyejua kunawa hawezi kupokea mtoto. Kutoka Thulopakha hadi hospitali ya wilaya ni mwendo wa saa tano kwa gari la jipu, na gari lenyewe hupita asubuhi tu.

Prakriti akapiga simu.

"Dada Chameli, umefuta kumbukumbu ya kivinjari?"

"Nimefuta, mdogo wangu."

"Umekizima na kukiwasha tena?"

"Mara mbili."

"Umekisasisha?"

Upande wa pili ukasikika mlio wa maji yakiingia kwenye ndoo.

"Mtandao wa huku unakatikakatika sana," Chameli akasema, na simu ikakatika.

Katika miaka mitatu ya kazi hiyo Prakriti hakuwahi kukutana na mtu aliyefuta kumbukumbu ya kivinjari kweli. Wote husema wamefuta. Jumanne akapanda jipu la kubeba maziwa hadi barabara ilipoishia, kisha akatembea saa nzima kwenye mteremko wa ulezi uliokwisha kuvunwa, vumbi likimfika magotini.

Kwenye lango la kituo kulikuwa na nguzo ya saruji yenye bomba la maji, na juu yake jiwe la marumaru lililoandikwa kwamba mradi ule ulizinduliwa miaka minne iliyopita. Prakriti alikuwa na kiu. Alifungua bomba. Likazunguka, likazunguka, likatoa buibui.

"Usijisumbue," Chameli akamwambia kutoka mlangoni. "Hilo lilizinduliwa tu."

Nyuma ya nguzo hapakuwa na mpira wala mfereji. Palikuwa na mbuzi.

Chameli alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini hivi, mwenye kucheka kwa tumbo lote. Msaidizi wake alikuwa Purnimaya, mama wa miaka sitini na mmoja aliyejitolea kituoni tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Walimkalisha mgeni, wakampa ugali wa ulezi na mchuzi wa majani yaliyochachushwa, wakamtazama mpaka amalize. Katika chumba cha pili kulikuwa na mkwe wa mwenye mkahawa wa kijijini, mimba ya kwanza, uchungu tangu alfajiri. Alikuwa akiwatukana wote wa nyumba ya mumewe kwa majina yao kamili.

"Anaendelea vizuri," Chameli akasema. "Akifika kwa mashemeji, tuko karibu. Mama Purnimaya, tufeli."

Kompyuta ilikuwa kwenye ukingo wa meza, imeinuliwa kwa matofali mawili, na chini yake ndoo. Purnimaya akavuta kiti, akaanza mtihani. Hakujua kusoma sana, lakini alijua majibu mabaya yako wapi. Kwamba mikono ioshwe mara moja kwa mwaka lilikuwa la tatu kutoka juu. Kwamba sabuni ni hiari lilikuwa la mwisho.

"Mbona yeye?" Prakriti akauliza.

"Mimi mkono wangu unakataa," Chameli akasema. "Nimesomea kazi hii miaka mitatu. Nikilenga jibu baya, kidole kinakwenda kwenye zuri. Huyu hana shida hiyo."

"Mimi nimeolewa mara mbili," Purnimaya akasema. "Nimezoea kuchagua vibaya."

Mtambo ukatangaza kufeli kwa mia mbili na kumi na sita, ukasema kwa upole kwamba somo limefunguliwa upya. Mwalimu mwenye koti jeupe akatokea kwenye kioo, akasalimu, akafungua bomba. Maji yakatoka kwenye kioo, unene wa kidole gumba, yakapita juu ya vitufe bila kulowesha hata kimoja, yakaingia kwenye ndoo. Yalikuwa ya uvuguvugu na yalinukia klorini kidogo. Dakika ya pili mtandao ukakatika. Mwalimu akaganda mdomo wazi, na maji yakasimama hewani, nusu kioo, nusu ndoo. Chameli na Purnimaya wakakunja mikono wakangoja. Mtandao uliporudi, maji yakaendelea na safari yake.

Prakriti akatoa daftari lake, akaandika: Kivinjari cha zamani: picha nzuri, sauti nzuri, maji. Kisha akafungua kompyuta yake, akacheza somo lilelile kwenye kivinjari kipya, akaandika: Picha nzuri, sauti nzuri, hakuna maji. Kwenye simu kioo kilipata ukungu tu. Akaandika hilo pia, pamoja na saa.

"Mligunduaje?"

"Nilikuwa nafanya kozi kama watu wengine," Chameli akasema. "Nikalowa. Nikafurahi, nikafanya mtihani, nikafaulu. Somo likajifunga. Waliotunga kozi wanaona aliyefaulu hana haja ya kurudia. Ikabidi tuombe matokeo yafutwe, tuanze upya, na safari hii tukae vizuri, tufeli."

"Kabla ya hapo mlikuwa mnachota wapi?"

"Chemchemi," Purnimaya akasema. "Dakika arobaini kushuka, saa nzima kupanda, mtungi mgongoni. Mwanangu, magoti yangu yalishaandika barua ya kuacha kazi."

Barua halisi zilikuwa za Chameli, nazo zilikuwa sita. Majibu yake aliyahifadhi kwenye jalada, yote yanafanana. Fomu ya kuomba maji ilikuwa ya vituo visivyo na bomba, na Thulopakha ilikuwa na bomba, tena lenye picha ya uzinduzi. Fomu ya matengenezo ilitaka namba ya mfereji, na mfereji haukuwapo.

Prakriti aliyasoma yote sita na masikio yake yakapata moto. Alikuwa amekuja na dawa ya tatizo ndani ya mkoba, na dawa ilikuwa kubonyeza mara mbili: sasisha, anzisha upya. Somo lingecheza kama linavyocheza kwingineko. Lalamiko la nane lingefungwa kabla ya Ijumaa, na chumba hiki kingebaki wazi, kikavu.

"Ukisasisha," Chameli akasema taratibu, "nitafaulu mara moja tu, kama wengine. Halafu mama huyu ashuke chemchemi."

Kutoka chumba cha pili ikasikika sauti ikimtaja shemeji mkubwa.

"Njoo unishikie ndoo," Chameli akasema.

Alinawa kwa hatua zote saba, kiganja kwa kiganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, bila haraka, midomo ikihesabu. Prakriti alimmiminia. Hakuwahi kumwona mtu akinawa vizuri namna ile, hata mwalimu wa kwenye kioo. Saa tisa na robo mtoto akatoka, wa kike, mwenye hasira na sauti nzuri, na Prakriti akajikuta analia huku bado ameshika ndoo.

Ijumaa aliwasilisha ripoti ya ukurasa mmoja. Kosa ni la mtambo. Kwenye kivinjari cha zamani somo la saba hutoa maji, kwenye vipya halitoi. Nesi anajua kunawa. Kivinjari kisiguswe, na somo libaki wazi hata kwa aliyefaulu; marekebisho hayo ameshayafanya.

Daktari Lokraj aliisoma hadi mwisho.

"Maji ni safi?"

"Yana klorini, Bwana Mkuu."

"Kiasi gani?"

"Ndoo mbili kila likichezwa."

Daktari akafurahi sana. Mwezi uliofuata alikwenda mwenyewe kuzindua kompyuta. Walimvisha mashada ya maua ya njano, akakata utepe uliopitishwa mbele ya kioo, akanawa huku anapigwa picha. Aliruka hatua ya nne, Purnimaya akamrudisha, na watu wote wakacheka, yeye kwanza. Chameli alikabidhiwa cheti cha kufaulu, na kufeli kwake kote kukaandikwa humo kama juhudi. Akashukuru, kisha akatoa barua ya saba.

"Sista," Daktari akasema kwa upole, "sasa bomba la nini tena? Maji si unayo?"

Akafungua daftari la mali za idara, na kwenye mstari wa bomba la langoni, ambalo miaka minne lilikuwa halina maelezo, akaandika: linafanya kazi. Akaongeza kwamba vituo vingine kumi na vinne vyenye mabomba ya namna hiyo vitapelekewa kompyuta za zamani. Watu wakapiga makofi. Chameli akaenda kutundika cheti chake kwenye bomba, kwa sababu ndicho kitu pekee pale langoni chenye kulabu.

Jumapili moja baada ya hapo Prakriti alikuta lalamiko jipya kutoka Thulopakha. Watoto watatu wiki hii, wote wazima, Chameli aliandika. Purnimaya anakusalimu, na magoti yake pia. Ila mtandao ukikatika maji yanasimama hewani, na jana yalisimama dakika kumi na moja, mama anavuja damu. Bomba lingesaidia.

Mtambo ukamtaka Prakriti achague aina ya tatizo: picha, sauti au maji. Bomba halikuwemo. Akachagua maji. Mtambo ukakagua rekodi za Thulopakha, ukakuta maji yapo, ukaandika limetatuliwa, ukalifunga.

Prakriti akalifungua tena, na likajifunga tena. Toka siku hiyo hufika ofisini saa nne kasorobo, hutundika shali kwenye msumari, na kabla ya chai hulifungua.