Matundu ya Chini ya Ukuta

Mkwe wangu Nikiforos, nimesikia umenunua saruji uzibe matundu ya chini ya ukuta wa bustani, eti nyoka wasije wakaingia wakamuuma mjukuu wangu akizaliwa. Usizibe. Mimi niliishia darasa la sita, lakini hili nalijua.

Marehemu mume wangu Stamatis aliyaziba. Kuku wa jirani yetu Kaliroi walikuwa wakipenya humo kuja kuchakura chini ya michenza. Kaliroi alisimama kijiani akamcheka.

"Kuku wangu wana adabu, Stamatis, wanapita chini. Maji ya Januari utayapitisha wapi?"

"Yatapita juu, kama ulimi wako!"

Tangu siku hiyo hatukusalimiana, hata kanisani.

Januari ikafika. Stamatis alikuwa bandarini akipakia machenza, mto ukafurika, maji yakaingia kwa nyuma. Unazijua kuta zetu, mtu akisimama juu ya mabega ya mwenzake haoni ng'ambo. Bustani ikajaa kama beseni. Argiro, huyu mkeo, alikuwa na miaka mitano, alikwenda kucheza kwenye birika kubwa la kumwagilia miti. Nilipotoka jikoni nilimwona ng'ambo ya birika amekumbatia nguzo ya marumaru, maji yamemfika kifuani. Ukingo wa birika hauonekani, kote maji ya matope, na ndani kina chake ni mita nne. Mimi kuogelea sijui.

Nikapiga yowe. Kaliroi akaitika kutoka kijiani.

"Una nini, we Plumi?"

"Mtoto! Maji hayatoki!"

"Si niliwaambia! Kichwa cha mumeo ndicho cha kuzibwa!" Punde tu nikasikia sururu ikigonga saruji. "Mwambie ashike kwa mikono miwili! Mwimbie, asije akalegea kwa baridi!"

Nikaimba nyimbo za Krismasi, zote nilizozijua, na nyingine nikazirudia. Midomo ya mtoto ilikuwa imegeuka rangi.

"Inapasuka, dada!" Kaliroi alisema.

Dada, baada ya miezi yote ile. Kisha ukuta ukaguna, na kipande kizima kikaenda na maji. Ukingo wa birika ukatokeza. Nikauzunguka mbio, nikambeba mtoto, nikamwita Kaliroi. Hakuitika. Mimi na majirani tulimkuta kijiani, mawe yetu yamembana kwenye ukuta wa mkabala.

Siku ya mazishi Stamatis alitaka kusaidia kubeba jeneza. Mumewe Kaliroi akamzuia, akasema taratibu, "Kafungue kwanza yaliyobaki." Yalibaki matundu manne. Aliyafungua kwa nyundo akiwa na suti yake nyeusi, nasi tukamngoja, padri pia.

Argiro anajua tu kwamba mafuriko yalimchukua Kaliroi. Sisi hatukuthubutu kumwambia zaidi. Msomee barua hii akishajifungua, si kabla. Atalia sana, alimpenda Kaliroi.