Watu wa Kubeba Wapo

Njia mpya ya waenda kwa miguu ilipokamilika pale sokoni Korogwe, kila mtu alipita juu yake kuijaribu, hata mbuzi. Mwaija peke yake alibaki chini, ndani ya kitimwendo chake, akiitazama cherehani yake pale barazani kama mtu anayetazama ng'ambo ya mto.

Zamani palikuwa na udongo mtupu na mbao mbili juu ya mtaro, naye alipita akizungusha magurudumu mwenyewe. Sasa njia ya vitofali vya pevingi ilikuwa imeinuliwa hadi magotini, mtaro umepanuliwa, na ngazi zimepakwa rangi nyeusi na nyeupe, nzuri kweli kweli. Mteremko hata mmoja haukuwepo. Alimwuliza msimamizi wa ujenzi mapema, mchanga ukiwa bado marundo.

"Hilo lipo kwenye mpango, dada," msimamizi alimjibu, macho yakiwa kwenye simu.

Basi akawa anabebwa. Vijana wa bodaboda hawakumwomba ruhusa, walimzoa tu. Mmoja makwapani, mwingine mapajani, wa tatu akitoa ushauri.

"Dada Mwaija, unakula nini wewe? Robota la mkonge lina nafuu."

Wakishamtua walijipangusa mikono na kuambiana wamepata thawabu. Mwaija aliwashukuru, kwa kuwa alilelewa vizuri, kisha akawadharau kimya kimya hadi jioni, walipomzoa tena. Peponi, aliwaza, kutajaa vijana wa Korogwe walioingia kwa tiketi ya miguu yangu.

Mtu wa mwisho kumbeba kwa ridhaa yake alikuwa mama yake, Amne, kule Handeni. Alimpeleka shule kwa mbeleko mpaka Mwaija akarefuka, nyayo zake zikawa zinagonga vigimbi vya mama kila hatua. Mama aliendelea kumbeba. Mwaija ndiye aliyesema basi, na tangu siku ile alitaka kitu kimoja tu duniani: kufika anakokwenda bila mikono ya mtu.

Siku ya uzinduzi diwani alikuja na kipaza sauti. Mheshimiwa Muhsin alikuwa mtu wa shati jeupe na manukato yanayotangulia. Aliisifia njia kana kwamba ameizaa. Akamaliza, akauliza kama kuna swali, kwa sauti ya mtu asiyelitaka.

Rosina, fundi mwenzake Mwaija, hakuwa mtu wa kutishwa na sauti. "Mheshimiwa, na huyu mwenzangu anapandaje?"

Diwani akamtazama Mwaija, akatabasamu kwa huruma, ile huruma ya kumpapasa mtoto wa jirani kichwani.

"Mama, sisi si watu wa kuachana chini. Saruji ya nini wakati upendo upo? Watu wa kubeba wapo. Na siku wasipokuwepo, niiteni. Nitambeba mimi mwenyewe."

Watu wakapiga makofi. Mwaija, ambaye hata kusema kwenye mkutano wa kikoba kulimtoa jasho, akanyoosha mkono apewe kipaza sauti.

"Shikamoo, mheshimiwa. Nashukuru. Nafungua kazi saa moja asubuhi."

Watu wakacheka, na diwani akacheka kuliko wote. Alidhani ni utani.

Kesho yake asubuhi Mwaija alisimamisha kitimwendo chini ya ngazi, akafunga breki. Vijana wa bodaboda wakaja mbio kuchuma thawabu zao.

"Asanteni. Namsubiri mbebaji wangu."

"Mbebaji gani tena?"

"Mheshimiwa. Si mlimpigia makofi?"

Nyuma ya mlango uliofungwa zilikuwa zinaning'inia sare za harusi za akina mama wa Kerenge, na ufunguo ulikuwa shingoni mwa Mwaija. Shughuli ilikuwa siku ileile. Mwenye shughuli, Bi Faudhia, alipowasili na wenzake kuzichukua, alimkuta fundi wake ametulia juani, anapiga pindo la kitambaa kwa mkono.

"Mwanangu, nguo ziko wapi?"

"Ziko ndani, bibi, tayari. Shikamoo. Mkweo, mheshimiwa diwani, kaniahidi atanipandisha. Nisipomsubiri nitakuwa nimemvunjia heshima."

Bi Faudhia alizitazama ngazi, akautazama mtaro, akakitazama kitimwendo. Alikuwa mwanamke mwepesi wa kuelewa. Akamgeukia Rosina. "Hebu nipigie namba ya Muhsin."

Mtu anaweza kuwakwepa wapiga kura, lakini mama mkwe hakwepeki. Muhsin alifika akiwa na shati jingine jeupe, akawaamkia wakwe, akauliza vijana wa kumsaidia wako wapi.

"Ulisema wewe mwenyewe," alisema Bi Faudhia. "Nasi tulisikia, kipaza sauti kilikuwa kizuri."

Akambeba. Upendo ulimtosha ngazi ya kwanza. Ya pili kola ikalowa, na mguu mmoja ukapapasa hewa ya mtaroni. Mwaija aliusikia moyo wa diwani ukidunda kwa woga. Kumbe na yeye hapendi kuangushwa.

"Pumua, mheshimiwa," alimwambia.

Alipomtua barazani, diwani aliinama kama anayemrekebishia kanga. "Umenidhalilisha mbele ya wakwe zangu."

"Jioni nafunga saa kumi na mbili," alijibu Mwaija.

Kabla ya adhuhuri saruji ya mteremko ikafika. Ilipotoka hakuna aliyeuliza. Ilionekana upendo umeisha ghafla. Lakini saruji haina haraka ya kukauka, na Bi Faudhia alikuwa amefahamisha ukoo mzima, kwa hiyo mheshimiwa alimbeba jioni ile, na asubuhi iliyofuata, na jioni yake, mpaka mteremko ukakomaa.

Ukazinduliwa pia. Hotuba ilikuwa ileile, ila safari hii hakutaja watu wa kubeba. Alisema yeye tangu zamani ni mtu wa magurudumu. Mpiga picha akajiweka sawa. Mwaija akafungua breki, akashika magurudumu, akaanza kupanda. Nyuma yake akasikia manukato yakisogea, kisha mikono miwili ikatua kwenye vishikio vya kitimwendo, tayari kwa picha.

Mwaija akasimama katikati ya mteremko. Hakugeuka.

"Ondoa mikono, mheshimiwa."

Kipaza sauti kilichobanwa kwenye kola ya diwani kilikuwa bado kinawaka, na soko zima lilisikia. Muhsin akaiondoa.

Mwaija akapanda.