Kwani Ziko Ngapi?

Gari la Rama lilikuwa limekwisha kuziacha nyumba za matofali za kijiji cha Quitunda, na Biubwa alikuwa bado hajapata pa kuweka miguu. Nyuma ya lile gari palijaa magunia ya ng'onda. Juu ya magunia alikaa mwanawe Nurdine, shati jeupe limepigwa pasi ya mkaa, macho ameyafumba, midomo inakwenda kama mtoto wa chuoni anayehifadhi juzuu.

"Wewe Rama, taratibu!" Biubwa alipiga kelele. "Mwanangu atafika Mocímboa na harufu ya samaki, akili zote zimemwagika njiani."

"Zikimwagika tutazikuta jioni, Bi Biubwa. Kwenye mchanga huu hakuna anayeokota akili, watu wana njaa ya vitu vingine."

Nurdine alikuwa anakwenda mjini Mocímboa kufanya mtihani. Ni mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, masomo ya kusomea nyumbani, na somo lenyewe ni namna nchi inavyotawaliwa: juu kabisa, kisha mkoa, kisha wilaya, mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa. Mtihani wa kwanza aliukosa, vita vilifunga barabara. Wa pili akaukosa kwa homa. Akiukosa na huu wanamfuta jina, na mtu akishafutwa jina huko, mlango wa ofisi yoyote ataujua kwa nje tu.

Biubwa hakujua kusoma Kireno. Wazazi wake walitoka Mtwara, wakamwachia Kiswahili na Kiarabu cha kuswalia. Lakini masika yote yeye ndiye aliyekuwa mtahini wa mwanawe. Nurdine akisema jambo kwa Kireno, mama humwambia: lilete kwa Kiswahili. Ukishindwa, hujalielewa, umelibeba tu kama punda.

"Haya, mkoa una wakuu wangapi?" alimuuliza pale juu ya magunia.

"Wawili. Governador, huyo tunampigia kura. Na secretário de Estado, huyo anatumwa na rais."

"Nyumba moja, wanaume wawili. Sasa nani anafunga mlango?"

"Hilo ndilo swali lenyewe la mtihani, mama."

"Na Estado na governo?"

"Governo ni serikali, watu waliokaa leo, kesho watatoka. Estado ndiyo isiyotoka. Ardhi, watu, sheria, mamlaka."

"Ndiyo dola hiyo. Nimekwambia."

Nurdine akacheka. Neno hilo lilikuwa la mama yake, alilitoa alikolitoa, kwa babu huko, na tangu alitoe alitembea nalo kama mtu mwenye kanga mpya.

Kizuizi cha askari kilikuwa mbele kidogo. Wanaume walishushwa upande huu, wanawake upande ule. Askari wakaomba simu. Nurdine alikuwa amefuta kila kitu kwenye simu yake, masomo, picha, sauti, maana vijana wenzake walimwambia simu inapekuliwa, na yenye mambo mengi ina maswali mengi. Askari akaifungua, akaigeuza.

"Kijana mzima, simu haina hata picha ya msichana? Unaficha nini?"

Nurdine akajibu kwa Kireno chake kizuri kwamba yeye ni mwanafunzi. Kadi iko wapi? Kadi ilikuwa bado haijatoka. Basi akaambiwa akae chini.

Askari mwingine, aliyejua Kiswahili cha bara, akaja kwa wanawake anatafuna muwa. Alikuwa na uso wa upole.

"Shikamoo, mama. Yule ni wako?"

"Marahaba, baba. Wa tumbo langu hili."

"Anakwenda wapi?"

"Mtihani."

"Anasoma nini?"

Hapo angesema shule, wangepanda gari. Lakini Biubwa alijinyoosha, akaweka mtandio sawa.

"Anasoma dola."

Muwa ukasimama mdomoni. "Dola?"

"Dola, baba. Na nyumbani ninayemsomesha ni mimi."

"Dola ipi, mama?"

Akadhani kijana anamtania, kama vijana wanavyowatania mama zao. Akacheka.

"Kwani ziko ngapi?"

Yule askari hakucheka. Alitema muwa, akaenda kwa wenzake, akasema maneno machache. Nurdine wakamfunga mikono kwa mkanda wake mwenyewe. Alipata kupaza sauti mara moja tu: "Mama, mwambie professor Osvaldo!" Kisha akaingizwa kwenye kontena lililokuwa chini ya mikorosho.

"Panda, Bi Biubwa," Rama alinong'ona. "Ukibaki watakuwa nao wawili."

Njiani ndipo alipomweleza. "Walioko msituni, wanaochinja watu, sisi tunawaita mashababi. Wenyewe wanajiitaje, unajua?"

Biubwa akamgeukia.

"Dola. Wanasema wao ndio dola."

Kwenye chumba cha mtihani mlango ulikuwa umefungwa. Osvaldo, mwalimu wa lile somo, alikuwa anasoma swali la kwanza kwa sauti. Biubwa pale dirishani alidaka maneno mawili tu, Estado na governo. Akagonga kioo. Osvaldo akaja, akasikiliza, akawa wa rangi ya majivu.

"Nikimaliza, mama. Siwezi kuwaacha hawa."

Biubwa hakuweza kukaa kungoja. Akaenda ofisi ya wilaya. Mapokezi alikuwapo Dona Gracinda, mwanamke mnene mwenye huruma, akamvutia kiti.

"Mama yangu, hapa ni wilaya. Askari wa kizuizi hawako chini ya administrador, mkuu wetu wa wilaya."

"Basi governador."

"Governador kazi yake mashamba, shule za watoto. Jeshi hana."

"Basi yule mwingine, wa kutumwa."

Gracinda akamtazama kwa mshangao. "Yuko Pemba, makao makuu ya mkoa. Na jeshi si lake naye."

"La nani?"

Gracinda akanyanyua macho kwenye picha ya rais ukutani. Biubwa naye akaitazama. Jibu hilo alilijua tangu masika. Yote aliyoyataja Gracinda alikuwa akiyajua, na kila jibu la sawasawa lilimsogeza mbali zaidi na lile kontena.

Jua lilikuwa limekwisha kuinama Osvaldo alipompakia Biubwa kwenye pikipiki. Kizuizini mkubwa wa askari alitoka akawasimamisha mbali, bunduki zikiwaelekea.

"Ni mwanafunzi wako?"

"Ni mwanafunzi wangu."

"Mara ya mwisho kumwona?"

"Ana muda hajaja." Ilikuwa kweli, barabara ilifungwa.

"Muda wote huo alikuwa wapi?"

Osvaldo alizitazama zile bunduki. Alikuwa na watoto.

"Não sei," akasema.

Kireno hicho Biubwa alikijua. Sijui.

"Alikuwa nyumbani!" akalia. "Alikuwa na mimi, tunadurusu! Mwulizeni Rama, iulizeni Quitunda nzima!"

Yule wa Kiswahili akasogea. Safari hii hakuamkia.

"Mnadurusu nini?"

Biubwa akafungua kinywa. Lile neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi, na lingine hakuwa nalo. Akalimeza.

"Shule," akasema.

"Asubuhi ulisema vingine, mama."

Kabla ya magharibi Nurdine alipakiwa kwenye gari la jeshi akapelekwa Pemba. Alikaa rumande mpaka msimu wa korosho, kisha akaachiwa bila kushtakiwa. Sikio la kushoto halisikii. Jina lake lilifutwa chuoni. Sasa anapakia mizigo bandarini Mocímboa.

Osvaldo aliomba uhamisho, yuko Nampula, anafundisha somo lile lile. Gracinda bado yuko mapokezi. Askari wa muwa alimaliza zamu yake akarudi kwao. Rama anachukua ng'onda na abiria kama zamani, ila kijana asiye na kadi hampakii.

Biubwa yuko Quitunda, analima muhogo. Akiulizwa mwanawe alisomea nini, anasema alisoma shule.