Meza ya Kukunja ya Garth Pruitt

Garth Pruitt anauza magodoro hapa mjini kwetu, na nadhani kazi hiyo ndiyo iliyomharibu. Mtu akishinda kutwa nzima anawabembeleza watu wajilaze, mwishowe anaamini hakuna jambo gumu chini ya jua. Alimwoa Maylene Stucky akijua fika ukoo anaouingia, kisha akashangaa ukoo haumfungulii mlango.

Wastucky ni watu wa bunduki. Baridi ikikaribia wanapanda mlimani kuwinda elki, wale wanyama wenye pembe kama matawi makavu, na kambini kwao kuna sheria ya baba yao, mzee Orval. Anayekuja na risasi za dukani hapangiwi mahali pa kuwinda. Anabaki kwenye hema, anachemsha maharage, anaosha masufuria, anachochea moto mpaka wanaume warudi. Risasi ya kumwua elki mtu anaijaza mwenyewe nyumbani: anachukua ganda lililokwisha kutumika, analirudisha umbo, analitia fataki mpya na baruti aliyoipima, ndipo analivika kichwa. Wala hafyatui iliyojazwa na mkono wa mwingine, hata kama ni ndugu yake wa tumbo moja. Usiniulize maana yake. Hapa Wyoming watu wamepeana talaka kwa mambo madogo kuliko hayo.

Basi Garth, tangu aoe, ni mpishi. Mwaka jana alipanda na risasi akadai amezijaza kwa mkono wake. Rex, kaka yake Maylene, akazigeuzageuza kiganjani, akasema zinang'aa kama meno ya mgombea ubunge, ni za dukani zimehamishwa kasha tu. Shahidi hakuwepo. Garth akarudi kwenye maharage yake huku Rex, ambaye naye ana miaka hajaangusha hata sungura, akimwagiza chumvi.

Mwaka huu akaapa atazijaza mbele ya kadamnasi. Hapo ndipo mimi Darla nilipoitwa. Nina saluni chini ya nyumba anayopanga, na mjini hapa ukitaka jambo lako lijulikane mpaka kwa mchungaji, unakuja kuniambia mimi, huhitaji redio.

Sasa, meza ya mzee Orval ya kujazia risasi iko kwenye chumba cha chini ya nyumba yake. Ni ya mbao za reli, imefungwa kwa boliti kwenye zege, na nyumba ikiungua meza itabaki. Akiingia kujaza risasi anafunga mlango, anazima redio, hata mbwa anatolewa nje. Garth amepanga, na mwenye nyumba wake hamruhusu kugongomea hata msumari wa kalenda. Kwa hiyo akaagiza meza ya kukunja, ina miguu ya bati, inabebeka kama sanduku la nguo. Alinionyesha kwenye simu video ya kijana mmoja akiifungua kwa mkono mmoja huku anatabasamu. Nilimwambia kitu kinachokunjika kirahisi namna ile kitakukunja na wewe. Akacheka, akasema mimi nibaki na nywele.

Siku ya siku, kesho yake wakiwa wanapanda mlimani, sebule ilifurika. Maylene alipika pilipili, ule mchuzi mkali mwekundu wa nyama na maharage, majirani wakaja na bia, Rex akaja na mdomo wake. Garth alivaa aproni mpya ya ngozi. Aproni, jamani, kama anakwenda kumzalisha ng'ombe. Akaifungua meza, akafunga mashine ya kushindilia kwenye ukingo wa mbele, akatia ganda, akashika mkono wa mashine, akavuta chini kwa nguvu za mtu anayetazamwa.

Meza ikanyanyua miguu ya nyuma kama punda aliyeumwa na nyuki.

Watu wakaangua kicheko. Garth akasema ni kawaida, meza mpya lazima izoee. Akabandika gunia la chakula cha mbwa kule nyuma, akavuta tena, gunia likateleza likampiga Rex mguuni. Akajaribu televisheni, Maylene akamwondoa. Ndipo yule bwana akageuza macho taratibu sebuleni, akapita wembamba wote, akatua kwangu.

"Darla mpenzi," akasema, "njoo ukae hapa kidogo."

Mwili wangu sijauonea haya hata siku moja, lakini sijapata kualikwa popote kama mfuko wa saruji. Nilikwenda, nikakaa kwenye ncha ya meza na sahani yangu mapajani. Meza ikatulia. Nikapigiwa makofi kana kwamba nimeimba.

Kazi ikaanza, na lazima niseme kweli, mashine ilikwenda. Lakini mizani ya baruti nayo aliiweka papo hapo, kwenye meza niliyoikalia. Ni kamizani kadogo, mshale wake unatetemeka hata mtu akipumua karibu. Na mimi ukinikalisha mbele ya watu na pilipili ya nyama nzuri nitafanya nini kama si kuzungumza? Nikawapa kisa cha mke wa mweka hazina wa kanisa na wigi lililobaki kwenye mlango wa gari. Nyumba ikacheka, nami nikacheka, na meza nayo ikacheka. Garth anamwaga baruti, anasubiri mshale, anageuka kuuliza wigi lilikuwa rangi gani, anarudi, anamwaga. Rex anapitisha mkono juu ya mizani kuchukua chupa. Safu ya risasi ikawa inarefuka, inapendeza, na Garth akawa anavimba ndani ya aproni yake.

Mzee Orval akaingia wakati kasha linafungwa. Hakuvua koti. Akatazama meza, akanitazama mimi juu yake, akatazama mizani kwa muda mrefu.

"Darla, umekaa hapo tangu lini?"

Nikamwambia tangu mwanzo.

"Ulikuwa unacheka?"

"Mzee, wewe unanijua."

Akamgeukia mkwewe. Akamwambia, bila kupandisha sauti, azifungue zote, baruti airudishe kwenye kopo, aanze upya akiwa peke yake. Maana ganda moja likiwa na baruti pungufu, kichwa kinakwama ndani ya mtutu. Likiwa na iliyozidi, bunduki inapasukia shavuni, na hakuna ajuaye ni lipi.

Garth akatazama watu. Hao ndio aliowaita wamshuhudie, na kila mmoja alikuwa anashuhudia. Akasema mizani ni ya kisasa, yeye ana hakika, na kama watu wanamwonea wivu waseme.

"Vizuri," Orval akasema. "Aliyejaza ndiye anayefyatua ya kwanza. Kesho, kwenye machimbo ya changarawe, kabla hatujapanda."

Kesho yake nilifunga saluni. Kulikuwa na wateja wa kusuka, wakaambiwa nywele zitaendelea tu kuota. Kwenye machimbo Orval aliegesha gari lake kubwa kiubavu, na sisi watazamaji tukajipanga nyuma ya injini. Rex, aliyekuwa anapiga domo njia nzima, ndiye aliyechuchumaa chini kuliko wote. Garth akalala kifudifudi, akalaza mtutu juu ya mfuko wa mchanga, akatia risasi yake moja, akafunga.

Maylene hakuja nyuma ya gari. Akatembea mpaka alipolala mumewe, akakaa chini ubavuni kwake, begani kabisa, akakumbatia magoti.

Baba yake akamwita. Hakugeuka.

"Si ameniambia ana hakika," akasema. "Basi mimi nakaa hapa."

Garth akamwambia arudi kule kwa wenzake. Akamwambia kwa ukali, kisha akamwambia kwa kubembeleza, kwa ile sauti ya dukani. Maylene akamjibu afyatue tu, baridi inamwingia. Nikasikia gari linavyopoa. Nilimwona Garth akiweka shavu kwenye bunduki, akaliondoa, akaliweka tena. Shingo yake ilikuwa nyekundu kuliko ile pilipili ya mkewe.

Akafungua bunduki. Risasi ikadondoka kwenye changarawe.

"Sijui," akasema. "Nyingine niliziangalia. Nyingine sijui."

Rex akachomoza juu ya boneti kwa kasi ya mtu jasiri, akapiga kelele kwamba basi shemeji apande nyuma na masufuria yake, tunachelewa. Orval alikwisha kuwasha gari. Kwa mzee yule jambo limekwisha, sheria ni sheria, mpishi amepatikana.

Garth akainuka, akajipangusa magoti. Akasema haendi. Hakusema kwa hasira. Akasema akipanda, atapanda na zake, na zake hana, na maharage wapike wenyewe.

Rex akacheka, akangoja wengine wacheke. Hata mimi sikumpa, na mimi humpa kila mtu. Gari likapanda mlima na wanaume wawili wasiojua kuchemsha yai, wamekaza nyuso kama waliodhulumiwa.

Garth akapiga magoti kuitafuta ile risasi kwenye mawe, Maylene akimshikia kasha. Nikamsogelea, nikamwuliza kama kweli hatajaribu hata hiyo moja, huenda ni nzima.

"Wewe ndiye uliyeikalia, Darla," akasema. "Ungeifyatua?"

Nikamwambia nimewaacha wateja saluni, nikaenda zangu.