Darasa la Sebuleni

Siku mkuu wa chuo alipolifuta somo la fizikia ya kwanta, hakumwita mwalimu wa somo hilo pembeni. Alitangaza mbele ya walimu wote, vikombe vya chai vikiwa bado mezani, kisha akaomba asogezewe sukari.

Mwalimu mwenyewe alikuwa mpwa wake, binti wa dada yake wa tumbo moja. Wanafunzi walimbandika jina la Mwalimu Chembe, maana hamalizi sentensi mbili bila kutaja chembe ya hiki au ya kile. Na huyo mjomba ndiye aliyemtia fizikia kichwani tangu utotoni, kwa gololi zilizoviringishwa kwenye ubao wa mshazari na mawe yaliyorushwa uani.

"Hapa tunafundisha mafundi," alisema mkuu. "Fundi anataka nguvu, uzito na mwendo. Habari za kitu kuwa huku na kule kwa wakati mmoja ni hadithi za kulazia watoto."

"Fundi huyo huyo anatengeneza simu, Mkuu," akajibu Mwalimu Chembe. "Ndani ya simu kuna transista, vile vijiswichi vya umeme, na transista haielezeki bila kwanta. Asiyejua hilo ni msusi wa waya tu."

Walimu wakacheka. Mkuu hakucheka.

"Somo limefutwa. Kuanzia Jumatatu utafundisha uchoraji wa kiufundi."

Mama yake alipozipata habari alishika kiuno. "Mwanangu, mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Sitaki kuukata, mama. Nataka unitoke shingoni. Nipe sebule Jumapili mchana."

Mama akamtazama. Anamjua kaka yake, anamjua na binti yake. Vichwa vya chungu kimoja. "Mimi simo," akasema. "Ila viatu viachwe nje, na mtu asiniguse kabati la vyombo."

Jumapili wanafunzi walijaa mpaka kwenye mikono ya makochi. Mapazia yalikuwa mepesi, wakayaongezea mablanketi. Mwalimu Chembe akang'oa unywele wake mmoja, akaubandika kwa utepe mbele ya kitochi cha leza, akakiwasha. Ukutani hapakutokea kivuli cha unywele. Ilitokea safu ya madoa mekundu, mwanga na giza, mwanga na giza, ikienda kulia na kushoto.

"Nuru imepita pande zote mbili za unywele," alisema. "Nuru za pande hizo zimekutana ukutani. Penye mwanga zimeongezana, penye giza zimefutana. Hiyo ni tabia ya mawimbi. Sasa shikeni hapa. Katika maabara kubwa watu wameipunguza nuru hadi ikapita chembe moja moja. Kila chembe huacha nukta moja, mahali pamoja. Lakini nukta zikirundikana, safu ile ile inarudi! Elektroni nazo ni vivyo hivyo. Nukta ijayo itaangukia wapi, hakuna ajuaye. Tunachoweza kukokotoa ni wapi inaelekea zaidi kuangukia na wapi haitafika."

Mlango ukafunguka. Mwanga wa nje ukaingia, madoa yakafifia, na wanafunzi wakasimama kama waliomwagiwa maji. Mkuu wa chuo alikuwa amekuja kumsalimu dada yake.

"Nini hiki?"

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nimeuliza, nini hiki?"

"Fizikia ya kwanta."

"Nililifuta somo hilo."

"Ulilifuta chuoni. Hapa ni kwa mama."

Sauti ikatoka jikoni: "Karibu, kaka. Vua viatu."

Akavua; angefanyaje? Nyumba ya dada si ofisi. Akakaa kwenye kiti alichopishwa, akatoa funguo za gari, akazirusha juu na kuzidaka.

"Nimezirusha hizi maisha yangu yote. Sijazikuta mahali pawili hata siku moja. Wimbi lako liko wapi?"

"Lipo. Ila wimbi la kitu hufupika kadiri uzito na mwendo unavyozidi. La elektroni ndani ya atomu lina ukubwa kama wa atomu yenyewe, ndiyo maana linajionyesha. La funguo zako ni fupi kuliko chochote tunachoweza kupima. Tena hizo ni atomu zisizohesabika, na hewa na mwanga vinazigonga bila kupumzika. Mashaka ya kila moja yanazama katika wingi. Ukikokotoa kwa kwanta wastani wa njia ya funguo, unapata ile ile uliyonifundisha uani."

"Basi nilikufundisha sawa."

"Sawa kabisa, kwa gololi na funguo. Ukishuka kwenye atomu, kanuni zile zinakwama. Kwa kanuni zile elektroni ingeporomokea kwenye kiini, na pasingekuwa na funguo wala mkono wa kuzidaka."

Mjomba aliziangalia funguo zake. "Wastani," akasema polepole, kama anayetafuna kitu kigumu. "Yaani miaka yote nimefundisha wastani?"

Mwalimu Chembe alimpenda mzee yule. Angeweza kumpoza kwa neno tamu. Hakumpoza.

"Ndiyo, mjomba."

Mkuu akainuka. "Kesho utapata onyo."

"Nitalipokea. Jumapili ijayo tunaanza saa nane mchana. Ila ubishe hodi; kufungua mlango bila kubisha kunatuharibia giza."

Onyo lilikuja kweli, na la pili likafuata. Mwalimu Chembe aliyapokea yote kwa heshima zake, akafundisha uchoraji bila kukosa kipindi ili asipatikane na kosa, na Jumapili akaning'iniza mablanketi. Alipoitwa mbele ya kamati na kuambiwa aombe radhi, alisema haombi radhi kwa ajili ya atomu. Wanakamati wakamwachia aende, maana kanuni za chuo hazikuwa na neno juu ya sebule za watu.

Somo halikurudi chuoni hadi mjomba alipostaafu. Hakuwahi kukiri, wala mpwa wake hakuwahi kunyamaza. Kila walipokutana mezani kwa mama walibishana mpaka chakula kikapoa, naye mama akawaambia wote wawili wapunguze sauti, majirani watadhani wanagombea urithi.