Sala Siyo Redio

Bosi ambaye hukutupia salamu akipita, siku akikukaribisha kiti jua kaburi lako limeshachimbwa. Lurdes akakaa.

"Dada Lurdes, utafiti umetoka," alisema Kevin Medeiros, meneja wa stesheni ya redio. Wareno wa mji wa Fall River, Marekani, waligawiwa vidaftari wiki nzima: andika stesheni unayosikiliza na saa. "Kipindi chako cha rozari na matangazo ya vifo, sifuri."

"Sifuri? Nikikosea jina la marehemu mmoja, simu zinaita hadi mchana!"

"Simu hazimo kwenye vidaftari. Jumatatu tunaanza muziki wa vijana wa Kihispania. Ndio wanaojaa mjini."

"Bibi yako alizikwa na watu mia tatu, Kevin. Nani aliwaambia?"

Kevin akaangalia simu yake.

Miaka ishirini na sita ya kuamka alfajiri! Lurdes alikwenda moja kwa moja kwa Dona Filomena, bibi wa miaka themanini na moja aliyemsikiliza kila alfajiri. Redio yake ilikaa juu ya friji, ubavuni mwa sanamu ya Bikira Maria wa Fatima, na zote mbili zilifutwa vumbi kwa kitambaa kimoja.

"Dona Filomena, kidaftari cha redio ulipata?"

"Nilipata, mwanangu. Nikakijaza kwa uaminifu."

"Uliandika nini?"

"Kwamba sikusikiliza kitu. Ilikuwa Kwaresima!"

"Na mimi je, kila siku saa kumi na mbili asubuhi?"

"Ile ni sala, Lurdes! Sala niiandike kwenye karatasi za wafanyabiashara?"

"Na vifo?"

"Wale ni majirani zetu." Akamsogezea bakuli la supu. "Rafiki yangu Alzira alitaka kukuandika, nikamkanya: huna haya? Tulijaza pamoja baada ya misa, sote kumi na wanane."

Lurdes alicheka mpaka kijiko kikamtoka. "Watakatifu nyie! Mmenizika bila hata mshumaa." Akamweleza kwamba kipindi kimefutwa, muziki wa vijana unaanza Jumatatu.

Bibi akasema, "Nitampigia huyo Kevin. Nitamwambia tunasikiliza."

"Vidaftari vimeshafungwa."

"Mimi nikifa, nani atanisoma?"

"Utapigiwa ngoma, Dona Filomena. Utaingia kaburini unakata kiuno."

Bibi hakucheka. Lurdes akaokota kijiko chake.

Jumatatu asubuhi, saa kumi na mbili kasoro dakika chache, Lurdes alirudi jikoni pale. Hakuwa na kipaza sauti tena, ila wenye nyumba ya maziko walikuwa bado wanampigia simu kumtajia marehemu. Bibi alikuwa ameshapiga magoti, rozari mkononi, macho juu ya friji. Saa ilipogonga, redio ikalipuka kwa muziki wa kutikisa makalio. Bibi akasubiri uishe. Haukuisha.

Lurdes akainama sikioni mwake, akapaza sauti juu ya zile ngoma:

"Alzira Pimentel! Miaka sabini na tisa! Ameacha watoto wanne! Misa ni kesho saa tatu!"

Bibi akafanya ishara ya msalaba. "Rudia, mwanangu," akasema. "Sijasikia jina."