Saa Zisizolipwa

Mwaka 1957 Harshad alikuwa na leseni ya kurusha ndege kwa kujifurahisha, na alitaka ya kurusha kwa riziki. Kati ya hizo mbili palikuwa na saa mia mbili za kuruka na mitihani mitano. Kampuni moja ndogo ya ndege za kukodi ilimwahidi kazi mwezi wa Januari, mradi afike na vyote viwili.

Alichokosa ni siku. Jumatatu hadi Jumamosi alifunga korja za kanga, ishirini ishirini, katika duka la jumla la baba yake, Mzee Umakant, hapo Kariakoo. Jumapili ilikuwa moja, nayo ilitakiwa mahali pawili: kwenye kiwanja cha ndege cha barabara ya Pugu, na Upanga, ambako mwalimu mmoja aliyewahi kupima njia katika ndege za vita alifundisha masomo ya mtihani asubuhi hiyo hiyo.

Mdogo wake Nayna, aliyefundisha hesabu katika shule ya wasichana, alimshauri aanze na darasa. Harshad alimjibu kwamba vitabu havitegemei hali ya hewa. Ukiviacha leo utavikuta kesho pale pale ulipoviweka. Ndege haikuwa hivyo.

"Bhai, unakusanya saa kama Bapuji anavyokusanya korja," Nayna akamwambia. "Umeshauliza nani atazipokea?"

"Saa ni saa."

Likabaki suala la kukodi ndege. Mzee Umakant hakuwa na maoni yoyote kuhusu urubani, lakini kuhusu kuta alikuwa nayo: kulipia haki ya kubandika tangazo ukutani aliona ni wizi. Mbingu hazikuwa na ushuru, akakubali kulipia ndege itakayotangaza duka. Kibali cha kudondosha karatasi kilipatikana, karatasi zikapigwa chapa, na Mrisho, muuzaji mkuu wa dukani, akapewa kiti cha nyuma na magunia mawili ya matangazo.

Jumapili ya kwanza Harshad alilenga soko akasahau upepo, jambo ambalo darasani Upanga lilifundishwa asubuhi hiyo hiyo. Nusu ya karatasi ziliangukia bonde la Jangwani, nusu zikavuka mpaka Magomeni. Jumatatu wanawake wa Magomeni walifurika dukani wakiulizia kanga mpya. Mzee Umakant alimsifu mwanawe kwa shabaha nzuri. Harshad hakumsahihisha.

Baada ya hapo kila mwenye duka alitaka kuonekana kutoka juu. Wa kwanza alikuwa Onesphory, fundi cherehani kutoka Kilimanjaro, ambaye duka lake lilipakana na lao. Mzee Umakant alikataa karatasi zake zichanganywe na za fundi, hivyo Onesphory akalipia ndege mwenyewe kwenye klabu, akapata Jumapili zake. Juu ya hilo alimshonea rubani suti nyeupe yenye vifungo vya shaba. Alisema haikuwa malipo. Fundi hawezi kumwona kijana akiruka na kaptula juu ya duka lake na akanyamaza. Akafuata Ravindra, mpiga picha wa Mchafukoge, aliyempiga Harshad picha kubwa ndani ya suti hiyo na kumpa na fremu yake. Muuza samli akafuata na debe la samli.

Mrisho, ambaye alikuwa akizitupa karatasi zote bila ubaguzi, alilipigia jambo hilo hesabu wakiwa wanashuka kwenye ndege.

"Bwana Harshad, karatasi za fundi zimekupa suti. Za samli zimekupa samli. Za mzee zimekupa nini?"

"Za mzee zimenipa baba."

"Basi wewe umepunjwa kuliko mimi. Mimi nina mshahara."

Ilipofika Oktoba saa zilikuwa zimevuka mia mbili. Harshad akafungua vitabu, zikiwa zimebaki wiki nne kabla ya mitihani. Kila baada ya chakula cha jioni Nayna alimuuliza maswali mezani. Walianza na upimaji wa njia na hali ya hewa, kwa kuwa ndiyo masomo yaliyokuwa magumu. Sheria za anga waliziacha mwisho. Harshad alisema sheria ni kusoma tu, akazisoma usiku mmoja kama mtu anavyosoma gazeti la juzi.

Siku ya mtihani wa sheria alivaa suti. Swali la nne lilikuwa fupi. Mwenye leseni ya kujifurahisha haruhusiwi kuruka kwa ujira au kwa zawadi ya aina yoyote: eleza, kwa mfano mmoja, zawadi isiyo ya fedha.

Kanuni aliikumbuka neno kwa neno, hata upande wa ukurasa ilipokuwa. Aliiandika vizuri. Kisha akatafuta mfano, na macho yake yakaangukia mkono ulioshika kalamu. Mkono ulikuwa ndani ya mfano.

Alikaa kitambo akitafuta mwingine. Ulimjia wa picha, kisha wa samli. Alama alizihitaji, na muda ulikuwa unakwisha. Akaandika kwamba fundi cherehani akimshonea rubani suti ili duka lake litangazwe kutoka angani, hiyo ni zawadi, na safari hiyo ni kinyume cha sheria.

Alifaulu mitihani yote mitano. Swali la nne alipata alama zote.

Desemba aliitwa mbele ya afisa wa leseni ili saa zake zikaguliwe. Alikwenda na suti, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Afisa alikuwa mtu mtulivu, na alikuwa na karatasi ya majibu mezani.

"Mfano huu ni mzuri," alisema. "Umeutoa wapi?"

Harshad angeweza kusema aliutoa kitabuni. Lakini afisa alikuwa anavitazama vifungo vya shaba, kimoja kimoja, kutoka shingoni kushuka.

"Nimeuvaa," akasema.

Afisa hakukasirika. Alifungua daftari la safari, akauliza kila aliyelipia ndege alimpa nini, akachukua kalamu nyekundu akazikata Jumapili za fundi, kisha za mpiga picha, kisha za samli. Alipofika kwenye za kanga akasimamisha kalamu.

"Huyu Umakant alikupa nini?"

"Hakunipa kitu. Ni baba yangu."

"Unafanya kazi dukani kwake. Mshahara?"

"Hapana."

"Hata posho?"

"Nakula nyumbani."

Afisa alilitafakari suala la chakula kwa muda. Mwishowe aliona kwamba kijana huyu alikula hata siku ambazo hakuruka, na saa za kanga akaziacha. Zilizobaki zilipungua arobaini kufika mia mbili. Mwezi wa Januari kampuni ilimpa mtu mwingine ile kazi. Kufaulu kwake kungedumu mwaka mmoja; asipotimiza saa ndani yake, mitihani ingerudiwa.

Nyumbani Nayna alichukua kalamu akahesabu Jumapili za kufidia saa arobaini. Mzee Umakant ndiye aliyefurahi. Alitaka aelezwe mara mbili jinsi kalamu nyekundu ilivyopita na mahali ilipokomea.

"Miaka yote mtaa huu unaniita bahili," alisema. "Sasa serikali yenyewe imeona. Ningekulipa, dikra, leo usingekuwa na saa hata moja."

Hata hivyo msimu wa matangazo ulikuwa umekwisha, na kulipia ndege isiyotangaza kitu mzee hakukubali. Harshad akamuuzia Ravindra suti, ili wateja waivae wanapopigwa picha, na kwa fedha hiyo akakodi ndege mwenyewe.

Jumapili iliyofuata ndege ilizunguka juu ya soko, rubani akiwa na kaptula na kiti cha nyuma kikiwa kitupu. Watu walitoka vibarazani wakainua nyuso. Mwinyimvua, muuza karanga, ambaye tangu mwaka jana hakuwa amenunua karatasi ya kufungia, alisimama katikati ya barabara na kikapu chake wazi. Ndege ikazunguka tena. Hakikuanguka kitu.

"Mbona hatupi?" akamuuliza Mrisho, aliyekuwa ameegemea mlango wa duka.

"Leo anaruka bure," Mrisho akasema. "Saa hizo ndizo zinazohesabiwa."